Bilauri Hii ni ya Nani? Juu ya Mkono wa Msaidizi katika Kazi ya Mwanagenzi

Mtu anapojifunza kazi ya mikono, na mwingine akamsaidia, kazi inayotokea ni ya nani? Je, msaada huo unaweza kufika mahali ukageuka kuwa dhuluma, hata kama aliyeutoa alikuwa na nia njema na aliyeupokea alishukuru? Hayo ndiyo maswali ninayokusudia kuyajadili katika insha hii. Mfano wangu haukutoka darasani. Ulitoka kwenye karakana ndogo ya kupuliza kioo, nje ya jiji la Nairobi, ambako kwa likizo mbili mfululizo nilikuwa msaidizi katika darasa la wanaoanza.

Mimi ni Mganda, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu, na masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Shangazi yangu anaishi Ruiru. Likizo ikifika huvuka mpaka wa Busia kwenda kwake, kwanza kumwamkia, pili kwa ajili ya Kiswahili, maana Kampala naweza kumaliza wiki nzima bila kulazimika kukisema nje ya chuo. Karakana ilikuwa ya jirani yake. Nilianza kwa kufagia vipande na kulowesha magazeti, na likizo iliyofuata nikawekwa kwenye darasa la Jumamosi. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba mimi si fundi. Najua yale ambayo msaidizi hana budi kuyajua, na pengine hapo ndipo swali hili huonekana vizuri zaidi.

Sisi tunaosoma Kiswahili tumeandika mara nyingi kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Niliiandika sentensi hiyo mwaka wa kwanza, na nadhani wote walioketi karibu nami waliiandika pia. Hakuna aliyeuliza kioo chenyewe hutengenezwaje. Basi nieleze kwa ufupi, kwa sababu hoja yangu imo ndani ya kazi yenyewe.

Kioo ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi na chokaa. Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, hutumika katika viwanda vya kioo, kwa kuwa huufanya mchanga uyeyuke kwa joto dogo kuliko lile ambalo ungehitaji peke yake. Karakana yetu haikuanza na mchanga. Iliyeyusha chupa na vioo vya madirisha vilivyovunjika, kama zifanyavyo karakana zinazojulikana zaidi katika ukanda wetu, ile ya Kitengela karibu na Nairobi na ile ya Shanga mjini Arusha, ambayo huajiri watu wenye ulemavu.

Fundi hutumbukiza ncha ya bomba la chuma ndani ya tanuri lenye joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, akalizungusha kama mtu anayechota asali kwa kijiti. Donge linalotoka lina rangi ya chungwa, na halitulii. Ukiacha kuzungusha kwa muda wa kuhesabu hadi tano, linainama upande mmoja kwa uzito wake. Kuanzia hapo mkono hauruhusiwi kusimama. Donge huviringishwa juu ya meza ya chuma lipate umbo, hupulizwa kidogo, hurudishwa motoni, hupulizwa tena, kisha huumbwa kwa gazeti lililoloweshwa maji ambalo mtu hulishika kiganjani mwake, moshi ukimpanda usoni. Shingo hubanwa kwa koleo refu. Baadaye chombo hushikizwa kitako chake kwenye fimbo nyingine, hukatwa kutoka kwenye bomba kwa tone la maji na pigo dogo, mdomo wake hupashwa moto na kupanuliwa. Mwisho huingizwa kwenye tanuri la pili, la nyuzi 500 hivi, ambalo huachwa lipoe polepole hadi kesho yake. Bilauri iliyoachwa mezani ipoe yenyewe hupasuka, kwa sababu ngozi yake hupoa na kunywea kabla ya moyo wake.

Kazi yote hiyo, kwa bilauri moja ya maji, huweza kumalizika katika dakika 20 mikononi mwa fundi. Mwanagenzi wa siku ya kwanza hawezi kuifanya. Basi darasa la wanaoanza hugawanywa: msaidizi huchota kioo, kwa kuwa mdomo wa tanuri unaunguza, mwanagenzi huzungusha, hupuliza na kushika gazeti, msaidizi huleta fimbo ya pili na kufungua milango. Hapo hakuna tatizo. Tatizo huanza katikati, bilauri inapoanza kupinda.

Hupinda karibu kila mara. Mwanagenzi hutazama kioo badala ya kusikiliza mkono wake, au huacha kuzungusha ili apumue, na chombo huinama. Msaidizi aliyesimama kando huona jambo hilo kabla ya mwenyewe kuliona. Anajua kwamba akichukua bomba, akalirudisha motoni na kulizungusha kwa sekunde kumi, kila kitu kitanyooka. Anajua pia kwamba asipolichukua, bilauri itabaki imepinda, au itaanguka sakafuni. Ana muda mfupi sana wa kuamua, kwa sababu kioo hakingoji. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Je, unaowahiwa hapa ni udongo upi? Ni kioo, au ni yule anayekishika?

Nitaeleza habari za wanagenzi wawili wa likizo ile ya pili.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Fundi alimwita Mwalimu, nami nilimwita mama. Alisema mapema kabisa kwamba hataki mtu ashike bomba lake isipokuwa kwa hatari. Jumamosi ya kwanza bilauri yake ilianguka. Ya pili ikaanguka. Ya tatu ilifika kwenye tanuri la kupoza, lakini ilikuwa imeegemea upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Tulipoitoa kesho yake aliigeuza mikononi, akaanza kuisoma. Akaonyesha mahali ukuta wa bilauri ulipokuwa mnene: "Hapa nilisimama kukohoa." Akaonyesha mdomo ulioinuka upande mmoja: "Hapa uliniambia nirudi motoni, nikasema bado kidogo." Kila kasoro ya chombo kile ilikuwa na kisa chake, na yeye ndiye aliyekuwa na visa vyote.

Wa pili alikuwa kijana wa umri wangu. Alikuja kwa sababu nyingine. Karakana ilikuwa imetangaza kwamba mwisho wa mafunzo ingemchukua mwanagenzi mmoja kwa ujira, naye alikuwa akibeba zege kwenye mijengo na alitaka kutoka huko. Aliyemsaidia alikuwa msaidizi mwenzangu, kaka mmoja mpole aliyeanza kazi miaka mingi kabla yangu. Alijua hali ya nyumbani kwa kijana yule, na alimwonea huruma. Kila bilauri ya kijana ilipoanza kuinama, kaka alilipokea bomba bila neno, akainyoosha, akalirudisha. Hakuna aliyesema uongo. Kijana alipuliza kwa pumzi yake, akazungusha kwa mikono yake, na mwisho wa siku aliweka rafuni bilauri iliyosimama wima. Baada ya wiki tano zilikuwa zimejipanga pale, na yeyote aliyepita alizisifu.

Siku ya kuchagua, fundi alisema kila mtu atafanya peke yake, na wasaidizi watafungua milango tu. Donge la kwanza la kijana yule lilijizonga upande mmoja wa bomba likadondoka. La pili likafika kwenye gazeti, likainama, naye akalitazama tu. Hakujua la kufanya, kwa kuwa kila mara lilipofika hapo bomba lilikuwa limetoka mikononi mwake. Alisema sentensi ambayo sijaisahau: "Leo mkono umenikataa." Hakusema kwamba hajui. Hakuwa na sababu ya kusema hivyo. Rafu nzima ya bilauri zilizonyooka ilikuwa ikimshuhudia kwamba anajua. Basi ilimbidi aamini kwamba ustadi aliokuwa nao jana umemtoroka leo, labda kwa woga, labda kwa kurogwa, labda kwa sababu yeye ni mtu wa namna ambayo mambo humharibikia palipo na watu. Nafasi ilikwenda kwa mwingine, naye akarudi kwenye zege.

Wengi watasema hasara ya kijana huyu ni ile nafasi. Mimi naona hasara kubwa zaidi ilikuwa kwamba alinyang'anywa habari za nafsi yake. Mwalimu mstaafu aliondoka na bilauri moja mbovu, akijua hasa anaweza nini na hawezi nini, na Jumamosi inayofuata aanzie wapi. Kijana aliondoka na bilauri nyingi nzuri zisizoweza kumwambia lolote. Kila mahali palipokuwa na kosa la kusomwa, mkono mwingine ulikuwa umepita na kulifuta. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, na ni dhuluma ngumu kuishtaki, maana aliyeitenda alikuwa na huruma na aliyetendewa alisema asante.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomakasi, anatoa mfano unaotugusa sisi wanafunzi wa lugha moja kwa moja. Anaeleza kwamba mtu anaweza kutoa jambo lililo sahihi kisarufi kwa bahati tu, au kwa kuelekezwa na mwingine, na bado asiwe mjuzi wa sarufi. Huwa mjuzi pale tu anapolitoa kutokana na sarufi iliyo ndani yake. Wengi humkumbuka kwa ile kauli yake ya jumla kwamba tunakuwa wajenzi kwa kujenga, na kwa hiyo hudhani ukimweka mtu karibu na kazi muda wa kutosha atajifunza. Lakini sharti lile lingine ni zito. Kijana yule alijenga kwa wiki tano. Kilichojengwa kilikuwa sahihi, ila usahihi ulikuwa ndani ya kaka.

Hoja hii ina pingamizi kadhaa, na sitaki kuzipita kwa haraka.

Pingamizi la kwanza ni kwamba hakuna anayepuliza kioo peke yake. Hata mafundi wakubwa hufanya kazi kwa kikosi: mmoja huketi kwenye benchi, wengine humletea kioo, humpulizia, humkinga na joto. Mmarekani Dale Chihuly, mmoja wa wasanii wa kioo wanaojulikana zaidi duniani, alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto katika ajali ya gari nchini Uingereza mwaka 1976, na mwaka 1979 akaumia bega. Tangu hapo aliacha kupuliza mwenyewe. Huchora, huelekeza, na kikosi hutengeneza. Kazi hizo zinaitwa zake katika majumba ya makumbusho ulimwenguni. Kama Chihuly haibi, mbona tumlaumu mwanagenzi aliyenyooshewa bilauri?

Jibu langu ni kwamba kuwa wengi katika kazi si kosa. Utu wenyewe, kwa tunavyofundishwa na wazee wetu, ni wa watu pamoja. Tofauti ni kwamba katika kikosi cha Chihuly kila mmoja anajua nani anafanya nini, na mtazamaji akiuliza huambiwa. Tena Chihuly alikwisha kupuliza kwa miaka mingi kabla ya ajali. Anapoelekeza, anaelekeza kutoka kwenye ujuzi alio nao. Katika darasa letu mgawo wa kazi ulikuwa umefichwa kwa mtu aliyeuhitaji kuliko wote. Kusaidiana kunaweza kuwa kwa kweli au kwa uongo, na uongo si lazima utamkwe. Bomba linalopokewa na kurudishwa kimya kimya linaweza kusema uongo vizuri sana.

Pingamizi la pili ni la hatari na gharama. Kioo cha nyuzi 1,100 si mahali pa kufanyia majaribio ya maadili. Mtoto akililia wembe mpe, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakumaanisha tumwache mgeni achome mkono wa jirani yake. Tanuri nalo halizimwi usiku wala mchana, na kila donge linaloanguka ni mafuta yaliyoteketea. Nakubali yote mawili. Ndiyo maana msaidizi huchota kioo siku ya kwanza, na ndiyo maana mwenye karakana ana haki ya kusema imetosha. Ila tukiwa wakweli, bilauri inayopinda si hatari kwa mtu yeyote. Mara nyingi tunataja usalama wakati tunachoogopa ni kuona kazi mbaya ikitoka mahali tulipokuwa tumesimama.

Pingamizi la tatu lilitolewa na kaka mwenyewe, tulipokuwa tukifunga karakana. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wasaidizi wa namna yangu hatuoni raha kidogo watu wakivunja. Alisema mtu aliyebeba zege siku sita anastahili siku ya saba kuondoka na kitu kizuri mkononi. Swali lake nililichukua kwa uzito, na ninaendelea kulifikiria. Ni kweli kwamba mtu anaweza kujificha nyuma ya maneno kama kujitegemea ili asijisumbue kusaidia. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakumaanisha kila mtu ajitegemee peke yake. Alisisitiza pia ushirikiano na kufanya kazi kwa pamoja. Msaidizi anayekunja mikono na kutazama mtu akishindwa, halafu akajiita mwalimu, ana kosa lake pia.

Kaka alikuwa sahihi kwamba huruma ni deni. Wako pia watu wanaokuja karakana kwa siku moja, watalii au watu wa harusi, wakitaka kumbukumbu tu. Hao hawakuja kujifunza, na akinyooshewa bilauri yake mtalii hapotezi kitu, mradi akiuliza asidanganywe. Ila kijana yule hakuwa mtalii. Alikuja kutafuta ustadi ambao kesho angeutumia bila kaka kuwapo. Kumpa kilichomfaa mtalii ilikuwa kumpa posho mtu aliyeomba kazi.

Basi msaada ulio mwema ni upi? Nadhani niliuona kwa fundi mkuu, ambaye hakuwahi kunieleza nadharia yoyote. Bilauri ya mwanagenzi ilipoanza kuinama, fundi hakulichukua bomba. Aliweka kiganja chake chini ya kiganja cha mwanagenzi, wakazungusha pamoja mizunguko mitatu au minne, kisha akatoa mkono wake. Kama chombo kiliinama tena, aliweka mkono tena. Wakati mwingine alisema neno moja tu, "Moto," na mwanagenzi mwenyewe akalirudisha bomba kwenye tanuri. Alisaidia sana, pengine kuliko kaka. Lakini muda wote bomba lilibaki mikononi mwa anayejifunza, na uamuzi pia.

Watu wa saikolojia ya elimu wana maneno ya jambo hili. Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa bado kijana wa miaka 37, alieleza eneo lililo kati ya yale ambayo mtoto anaweza kuyafanya peke yake na yale anayoweza kwa kusaidiwa. Humo ndimo alimoona mafunzo yakifanyika. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichunguza watoto wadogo wakisaidiwa kujenga piramidi ya vipande vya mbao, wakaufananisha msaada wa mwalimu na jukwaa la waashi. Kwetu Uganda jukwaa hilo hufungwa kwa miti ya mikaratusi, na kila mtu anajua kazi yake: humshika mwashi mpaka ukuta usimame, kisha hufunguliwa. Jukwaa halijengi ukuta. Ukuta ukianguka siku jukwaa linapofunguliwa, basi haukuwahi kusimama.

Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza si kiasi cha msaada. Kipimo ni maswali mawili. La kwanza: je, msaada huu unamfanya anayejifunza ahisi kile atakachopaswa kukifanya mwenyewe kesho, au unamwondolea nafasi ya kukihisi? La pili: kazi ikiisha, je, anajua kwa kweli ni sehemu ipi ilikuwa yake? Msaada unaoshinda maswali yote mawili ni halali hata ukiwa mkubwa. Unaoshindwa yote mawili ni dhuluma hata ukiwa wa sekunde kumi. Wa fundi ulishinda. Wa kaka ulishindwa, ingawa wote wawili walikuwa watu wema, na kaka pengine ndiye aliyekuwa mwema zaidi.

Sasa nije kwetu. Mkusanyiko huu unasomwa na wanafunzi wa Kiswahili na wahadhiri wao, na kwa hao nadhani karakana ile si mbali. Wengi wetu tuliotoka Uganda, Rwanda na Burundi tulikutana na Kiswahili tukiwa wakubwa. Ngeli zinatusumbua. Tunaandika "kitabu yangu" na kuogopa kuchekwa na wenzetu wa Mombasa au Tanga. Basi kabla insha haijafika kwa mhadhiri, hupitia kwa rafiki anayejua zaidi. Rafiki huyo, kwa huruma, haweki mstari chini ya kosa. Analifuta na kuandika lililo sahihi. Wapo wanaolipa ili tasnifu nzima iandikwe na mwingine. Wapo wanaoandika kwa Kiingereza na kuiachia programu ya tafsiri kazi iliyobaki. Na wapo wahadhiri ambao, kwa kuchoka au kwa upole, hurekebisha kila kitu kwa kalamu nyekundu bila kumwacha mwanafunzi aitafute sentensi yake mwenyewe. Mwisho wa miaka mitatu tunakuwa na rafu ya insha zilizonyooka.

Kungekuwa na haja gani ya kulisemea hili kama lingeishia kwenye alama? Lakini Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watakaosimama mbele ya watoto hao ni sisi. Mbele ya darasa kila mtu huwa na bomba lake, na msaidizi hufungua mlango tu. Mtoto wa darasa la tano atauliza kwa nini tunasema "kiti changu" na si "kiti yangu", na hapo hakuna rafiki wa kulipokea bomba. Atakayeumia hatakuwa mwalimu peke yake. Atajifunza kutoka kwake mtoto mmoja, kisha mwingine, kisha hamsini. Na mwalimu huyo, kama yule kijana, hatajua ni wapi aanze kujisahihisha, maana karatasi zake zote zinamwambia kwamba anajua.

Siombi tuache kusomeana kazi. Methali inasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vivyo hivyo sentensi iliyovunjika si mwisho wa lugha, na mwenzako akikushika mkono kwa mizunguko mitatu si aibu. Ninachoomba ni kwamba tusaidiane jinsi alivyosaidia fundi. Ukiona kosa katika insha ya rafiki yako, weka alama pembeni, mwache alitafute, na akishindwa kaeni nalo pamoja. Mhadhiri naye asisahihishe kosa la aina moja mara ishirini; alisahihishe mara mbili, kisha amwulize mwanafunzi yaliyobaki yako wapi. Na tukisaidiwa zaidi ya hapo, kama inavyotokea, tuseme. Sentensi moja mwishoni mwa kazi, kwamba fulani alinisaidia sehemu fulani, haimpunguzii mtu hadhi. Inamwachia habari sahihi za nafsi yake, na inampa msomaji haki yake.

Bilauri, basi, ni ya nani? Naona jibu halitegemei mikono mingapi iliigusa. Ni ya yule anayeweza kuisoma: kusema hapa niliteleza, hapa nilishikwa mkono, hapa nilifanya mwenyewe. Kazi ambayo mtu hawezi kuisoma hivyo, hata ikiwa na jina lake, anaitunzia mwingine.